Mtoko wa wawili Pugu: fedha inapita, nani anaidaka?

TUCHUKUE mfano wa mume na mke wanaoishi Tandika, wilayani Temeke. Mume ni fundi wa samani Keko, mke anauza vitenge kwenye meza ndogo sokoni. Wiki nzima wanaonana usiku tu, kila mmoja amechoka. Wamekubaliana kwamba Jumapili moja ya kila mwezi hakuna randa wala meza: watoto wanapelekwa kwa bibi, wao wanavaa vizuri na kutoka kutembea. Mfukoni wana Sh 50,000, na wakirudi jioni na chenji hawataona vibaya.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, la kujiuliza si wawili hawa watafurahia wapi. La kujiuliza ni kwamba hizo Sh 50,000, ikifika usiku, zitakuwa zimelala kwa nani.

Dar es Salaam haikosi mahali pa kutembea. Upande wa Kinondoni kuna Kunduchi Wet 'n' Wild, bustani ya michezo ya maji ambako watu wazima hugeuka watoto na kuteleza kwenye mabomba hadi bwawani. Kigamboni, ambako tangu mwaka 2016 mtu anaweza kuvuka kwa daraja bila kusubiri kivuko, kuna Fun City yenye mabembea ya umeme na michezo ya maji. Kuna kisiwa cha Mbudya, kinachofikiwa kwa boti kutoka upande wa Kunduchi. Kuna Kijiji cha Makumbusho kando ya Barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi. Na kwa asiyetaka kulipa kiingilio kuna fukwe, ule wa Coco ukiwa mashuhuri kuliko zote.

Katika bustani za michezo, sehemu kubwa ya fedha ya mgeni huishia getini. Hilo si kosa la mwenye bustani. Mitambo ile imeagizwa nje, inakula umeme, maji yanasukumwa na kusafishwa kila siku, na mkopo wa benki haujui kama leo mvua imenyesha. Mkulima huingia humo kwa mlango wa jikoni tu, na mara nyingi si mkulima wa jirani. Sahani ya chipsi inayoliwa Kunduchi ina viazi vya Njombe au Mbeya vilivyokwisha kupita mikono mitatu au minne. Mkulima wa Pugu au Kisarawe hana lake kwenye sahani hiyo, labda ndimu.

Ufukwe wa Coco unafundisha zaidi. Pale hakuna mtambo wowote. Kuna bahari, upepo, na karai la mafuta lenye muhogo. Muhogo ule ule ambao mkulima wa Kisarawe au Mkuranga huuza kwa gunia, kwa bei ya kubembelezwa, pale huuzwa kwa vipande, na watu husimama kuusubiri. Mkaangaji ameongeza mafuta, chumvi na pilipili. Kubwa zaidi, amesimama mahali ambapo watu waliovaa vizuri wameshikwa na njaa. Mkulima alikuwa na muhogo. Alichokosa ni mahali.

Pugu mkulima anapo mahali, tena pake mwenyewe.

Vilima vyenye kila kitu isipokuwa sahani

Pugu iko kilomita zipatazo 20 kusini magharibi mwa katikati ya jiji, kwenye vilima ambako Mto Msimbazi huanzia safari yake ya kwenda kufurika Jangwani wakati wa masika. Msitu wake, pamoja na ule wa Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, sasa ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, misitu ya kale sana yenye mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Mtu akitembea kimya huona tumbili, ndege wa kila namna, na akiwa na bahati sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Usiku ni zamu ya komba.

Kuna mapango pia, ingawa hayo si kazi ya maumbile. Yalichimbwa na watu waliokuwa wakitafuta kaolini, ule udongo mweupe unaotumika katika vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Wachimbaji walipoondoka walihamia popo. Machimbo ya zamani si mahali pa kuingia bila mwongozaji, lakini anayesimama nje jua linapozama huwaona popo wakitoka kwa wingi kama moshi.

Historia nayo ipo. Shule ya Sekondari Pugu, enzi hizo ikiitwa Chuo cha Mtakatifu Francis, ndiko Mwalimu Julius Nyerere alikofundisha baada ya kurejea kutoka Edinburgh mwaka 1952, hadi alipojiuzulu Machi 1955 ili aitumikie TANU. Jirani, Kisarawe, kuna Minaki, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1925. Katikati ya yote hayo inapita reli ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905.

Halafu kuna mnada wa mifugo wa Pugu. Wenyeji hawauhesabu kuwa kivutio kwa sababu wameuzoea vumbi lake. Lakini mtoto wa Sinza au Mbagala ambaye nyama huiona ikiwa imetundikwa buchani hajawahi kusimama mbele ya mamia ya ng'ombe wenye pembe, waliotoka Shinyanga, Mwanza na Dodoma, huku wafanyabiashara wakipatana bei kwa macho, bila mizani. Wengi wa ng'ombe hao huishia katika machinjio ya jiji, ikiwamo ya Vingunguti. Kwa wawili wetu wa Tandika, nusu saa hapo ingetosha kuwapa mazungumzo ya wiki nzima.

Njia ya kufika haina shida. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, ina kituo Pugu. Kwa wa Tandika, hata hivyo, daladala ya kupitia Gongo la Mboto na bodaboda ya mwisho ndiyo nafuu.

Fedha inayorudi nyumbani

Tufanye hesabu yao. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, kiingilio na mwongozaji vinakula jumla ya Sh 20,000. Zinabaki Sh 30,000. Wamebeba soda mbili na pakiti ya biskuti kutoka Tandika kwa kuwa hawana uhakika wa kupata chakula. Wanatembea msituni saa tatu. Wanatoka saa saba mchana wakiwa na njaa, kiu, na mmoja wao anatafuta choo.

Wasipokuta mtu wa kuwauzia, wanapanda bodaboda na kurudi. Wanakula Gongo la Mboto au nyumbani. Zile Sh 30,000 zimekuja Pugu, zimetalii msituni, na zimerudi Temeke bila kuguswa. Kilichobaki Pugu ni chupa mbili tupu, na Pugu yenye dampo la jiji pale Kinyamwezi haina uhaba wa taka.

Hapo ndipo tofauti kati ya Pugu na bustani ya michezo inapoonekana. Kule mgeni hurudi mfuko mtupu. Huku hurudi na fedha na njaa.

Sasa tumweke kando ya njia yao mama mmoja mwenye minazi 20. Kwa kawaida mchuuzi humfuata shambani na kununua dafu, tuseme, kwa Sh 400, kisha akaliuze mjini. Mama huyo akiwauzia wageni mwenyewe kwa Sh 1,000, kila dafu linamwongezea Sh 600. Lakini kukaa kando ya njia siku nzima si bure. Kama siku hiyo angefanya kibarua cha Sh 8,000, anahitaji kuuza madafu 14 ili arudishe thamani ya siku yake. Kwa kuwa wageni wetu huja wawili wawili, hao ni watu wa mitoko saba. La kumi na tano ndilo linaloanza kuwa faida.

Na wasipofika saba? Dafu lina tabia njema ambayo chapati haina. Lisipouzwa Jumapili, Jumatatu mchuuzi atalichukua kwa bei ile ile ya Sh 400. Lile ambalo halijaangushwa litabaki mtini na kuwa nazi. Mkulima anayeanza biashara ya wageni aanze na kitu ambacho Jumatatu bado kina bei: dafu, muhogo mbichi, chungwa, fenesi, asali. Vyakula vya kupika vina faida kubwa zaidi, lakini ndivyo vinavyofilisi.

Mfano ni kuku wa kienyeji, ambaye kila mtu humtaja haraka pakizungumzwa wageni. Tuseme kuku huyo akiwa hai ana bei ya Sh 18,000. Mafuta, viungo, unga wa ugali, moto na msaidizi ni Sh 6,000. Watu wawili hawamalizi kuku, wala hawana Sh 30,000 za kumlipia mzima. Watachukua nusu, kwa Sh 15,000. Wakija wawili wengine wakachukua nusu ya pili, mpishi amebaki na Sh 6,000 zaidi ya ambazo angepata kwa kumuuza kuku akiwa hai. Wasipokuja, nusu hiyo inaliwa na watoto wa nyumbani, na mpishi amebaki na Sh 9,000 badala ya Sh 18,000. Watoto watafurahi, lakini daftari la hesabu litalia.

Dawa yake ni simu. Kuku achinjwe baada ya kuagizwa. Mgeni anapoingia msituni asubuhi aache oda na sehemu ya malipo, akitoka mchana akute chakula kimeiva. Saa tatu za matembezi zinamtosha mpishi, na mgeni hatasubiri kwenye benchi akihesabu inzi. Kinachotakiwa ni namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ubao pale wageni wanapopita, na lipa namba, kwa kuwa siku hizi mtu wa mjini hubeba fedha zake ndani ya simu.

Choo je? Wanaume wengi wanaoanzisha vibanda hulisahau jambo hili, na ndilo linaloamua kama wageni watarudi. Mume wa Tandika atasema msitu ni mkubwa. Mke wake hatasema kitu, ila mwezi ujao atachagua Kunduchi. Choo safi chenye maji na sabuni, hata kwa malipo kidogo, humweka mgeni kwenye kiti kwa saa nzima zaidi, na mgeni aliyekaa hununua.

Ufungaji nao una utaratibu wake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kikapu cha ukindu au cha makuti kilichosukwa jirani kinaweza kuuzwa pamoja na machungwa yaliyomo ndani, na mara nyingine mgeni hutaka kikapu kuliko machungwa. Asali ndiyo yenye kazi ngumu zaidi, kwa kuwa watu wa mjini wamekwisha kuuziwa maji ya sukari mara nyingi mno. Mfugaji nyuki mwenye mizinga katika shamba lake mwenyewe karibu na njia ana jambo ambalo hakuna duka la Kariakoo linaloweza kulitoa: kumwonyesha mteja, kwa mbali, nyuki wenyewe.

Kuku wa Cordelia

Wapo watakaosema kwamba huku ni kucheza na senti, bustani za michezo ni kazi ya matajiri. Historia ya moja ya bustani kubwa za Marekani inasema vingine.

Miaka ya 1920, mume na mke walioitwa Walter na Cordelia Knott walikuwa wakilima matunda ya beri katika mji wa Buena Park, jimbo la California, na kuyauza kwenye kibanda kando ya barabara. Ulipokuja mdororo mkuu wa uchumi hali ikawa mbaya. Juni 1934 Cordelia alikaanga kuku, akawaandalia wageni wanane kwenye sahani zilizokuwa zawadi za harusi yao, kwa senti 65 kila mmoja. Habari zilienea. Baada ya miaka michache watu walikuwa wakipanga foleni kwa saa kadhaa kusubiri kuku huyo. Mwaka 1940 Walter akaanza kujenga kando yake kijiji cha mfano wa miji ya zamani ya wachimba madini, shabaha ikiwa kwamba wanaosubiri wasichoke. Foleni ilizaa bustani ya michezo. Kiingilio kilianza kutozwa mwaka 1968, na familia iliuza bustani hiyo mwaka 1997. Hadi leo inaitwa Knott's Berry Farm, na kuku bado yupo.

Jirani yao, katika mji wa Anaheim, Disneyland ilifunguliwa Julai 1955, miezi minne baada ya Mwalimu kuacha chaki Pugu. Ilijengwa juu ya mashamba ya michungwa. Wakulima waliouza walilipwa mara moja, wakaondoka. Muda si mrefu hoteli na migahawa ya watu wengine ikazunguka lango, na mwenye Disneyland mwenyewe aliona uchungu kwamba fedha nyingi ya wageni wake ilikuwa ikiangukia nje ya ukuta. Alipokwenda Florida miaka ya 1960 hakurudia kosa: kampuni yake ilinunua ekari zipatazo 27,000, kimya kimya, kwa majina ya kampuni nyingine ili bei isipande.

Akina Knott walianza na chakula, burudani ikafuata. Pugu burudani ipo tayari, tena haikopewi benki. Kinachokosekana ni kuku wa Cordelia, na ardhi ya kumuuzia kuku huyo.

Ardhi ndiyo yenye wasiwasi. Pugu, Majohe na Chanika zimekuwa soko la viwanja kwa miaka mingi. Shamba la minazi na mihogo linakatwa vipande, mwenye shamba ananunua pikipiki mbili na kuezeka nyumba, na baada ya miaka mitano mwanawe anaendesha bodaboda ya mtu mwingine kupita mbele ya ukuta uliojengwa juu ya minazi ya babu yake. Haina maana kumkataza mtu kuuza mali yake. Ada za shule na hospitali hazisubiri. Lakini mwenye shamba linalogusa njia ya wageni anapaswa kujua kwamba kipande cha kando ya njia si sawa na kipande cha bondeni. Akilazimika kuuza, auze cha bondeni kwanza. Robo ekari ya njiani inatosha kwa ubao, benchi nne, choo na kivuli cha mwembe.

Wasiwasi wa pili ni mkaa. Jiji linauhitaji, na msitu uko karibu. Kukata mti wa hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kesi hugharimu kuliko gunia. Lakini hata tukiiweka sheria pembeni, hesabu yenyewe haikubali. Gunia la mkaa huuzwa mara moja. Hakuna mke na mume watakaotoka Tandika na Sh 50,000 kuja kutazama visiki, na wasipokuja hakuna dafu wala kuku atakayeuzwa. Anayekata mti kwenye njia ya wageni anamkatia yule mama mwenye minazi 20 wateja wake, hata kama hawajuani.

Pamoja na hayo, mtu asiuze ng'ombe ili ajenge banda. Wageni wa mtoko wa siku moja wana majira yao. Huja Jumamosi na Jumapili, Idi, Pasaka, Sabasaba, Nanenane na mwisho wa mwaka. Siku za kazi njia huwa tupu. Masika, kati ya Machi na Mei, njia hugeuka tope na watu hukaa kwao. Biashara hii haichukui nafasi ya shamba. Ni soko la shamba kwa siku zisizozidi nane au tisa kwa mwezi. Bahati nzuri majira ya matunda yanakubaliana nayo: machungwa hukolea katikati ya mwaka, wakati wa ukavu na Sabasaba, na embe hushika kasi kuanzia Novemba kuelekea sikukuu.

Kabla ya kutumia hata shilingi, mtu akae karibu na lango Jumapili nne mfululizo akiwa na punje za mahindi na makopo matatu: kopo la wanaokuja wawili, la familia zenye watoto, la makundi ya shule na makanisa. Kila wanaopita, punje moja. Aandike pia wameingia saa ngapi, wametoka saa ngapi, na walibeba nini mikononi. Kama kopo la wawili halifikishi punje saba kwa siku, mama wa minazi aendelee kumsubiri mchuuzi na asilaumiwe. Kama linapita 20, atafute jirani wa kushirikiana naye, kwa sababu peke yake hataweza kupanda, kukata, kupokea fedha na kusafisha choo.

Lipo pia la saa za jioni, ambalo wauzaji wengi hawaliwazi kwa sababu wamezoea kufunga mapema. Popo hutoka giza linapoanza kuingia, na anayetaka kuwaona hawezi kuondoka saa tisa. Mtu wa namna hiyo amekwisha kula, hataki tena kuku. Anataka kahawa na kashata, au tangawizi ya moto, benchi la kukalia, na mtu wa kumhakikishia kwamba bodaboda wa kumfikisha kwenye daladala ya Gongo la Mboto bado yupo. Birika moja, vikombe kumi na taa ya sola vinatosha kwa kuanzia, na hiyo ni saa ambayo mama wa minazi amekwisha kufungasha na kwenda kupika nyumbani kwake.